Mkubwa wa Meza

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha kila msimu wa baridi kimekuachia. Huku nyumbani sote tu wazima wa mwili. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake haujambo kabisa, na anakusalimu sana. Mimi pia sijambo, ila nina hasira inayolala nami na kuamka nami tangu Jumapili, na nimeona heri niimwage kwenye karatasi kuliko kuimwaga kazini juu ya miwani ya watu.

Utauliza kwa nini barua, siku hizi ambapo hata watoto wa shule wana simu. Kaka, mimi na simu yako tumeshindwana. Nikipiga, uko kikaoni. Nikikuandikia ujumbe mrefu wa kurasa, unanijibu kwa kile kipicha cha kidole gumba kilichosimama, nami nabaki nimekodoa macho nikijiuliza kidole hicho kimekubali nini. Barua haikatiki katikati wala haina kitufe cha kuizima. Basi kaa chini, mwombe shemeji akutilie chai, unisome mpaka mwisho.

Nataka kukusimulia jinsi tulivyokwenda kula mkahawani Jumapili. Au niseme ukweli, jinsi tulivyokwenda kukaa mkahawani bila kula.

Habari ya posa yangu unaijua, japo sina hakika umeishika kiasi gani, kwa hiyo niirudie kwa ufupi. Yule mwalimu wa chekechea niliyekuambia habari zake, aliyekuja dukani kwetu kubadilisha vioo vya miwani akabadilisha na akili yangu, bado yupo na bado ananitaka. Mwenye neno ni baba yake. Watu wote mtaani kwao wanamwita Mzee wa Mizani, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa akikagua mizani za wenye maduka, na mpaka leo amestaafu lakini akiingia dukani kununua sukari muuzaji huanza kujipangusa jasho. Mzee huyu hana ubaya na mimi. Lakini tangu siku ya kwanza alisema kwamba hawezi kuzungumza na mtoto juu ya mtoto. Anataka aje mkubwa wa familia, wakae watu wazima, waelewane. Na mkubwa wetu, tangu Baba atutoke, ni wewe.

Tukakupangia siku. Ukasema unakuja, kisha mzigo wako ukakwama ghalani. Tukapanga nyingine, wakaguzi wakakuzukia. Siku ya tatu hukutoa hata sababu, ulituma kidole. Nadhani unakumbuka. Mzee wa Mizani anakumbuka zaidi. Aliniita, akanikalisha, akaniambia kwa upole unaotisha kuliko ukali kwamba binti yake si mzigo wa kuwekwa ghalani ukisubiri mtu wa kuutia sahihi. Akasema tukutane Jumapili, tule pamoja familia mbili, mkubwa aje asije, na tukishakula yeye atasema neno lake. Litakuwa ndiyo au litakuwa hapana, na hatalirudia.

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini mpaka tukishakula. Akaniambia baba yake ana imani kwamba mtu mwenye njaa hapimi sawasawa. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuugusa mzani wa mtu kabla hajatia kitu tumboni. Kwa hiyo, Kaka, nielewe vizuri: bila chakula hakuna neno, na bila neno sina mke. Jumapili ile maisha yangu yote yalikuwa ndani ya sufuria za watu.

Mkahawa nilionyeshwa na mpima macho wa pale kazini kwetu. Alisema familia nyingi zenye mambo ya heshima hukutana pale, ni pasafi na hapana kelele. Uko ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi, unapanda ngazi nyembamba zinazotokea katikati ya ukumbi, hata mtu akipanda kichwa chake huonekana kwanza kabla ya mabega. Meza zina vitambaa vya plastiki vilivyobanwa kwa vibanio ili feni isivipeperushe. Nilikwenda mwenyewe siku mbili kabla kuweka meza. Mwenye mkahawa ni mama mmoja mnene mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye kilemba. Aliniuliza kama watakuwapo wazee. Nikavimba kichwa, nikamwambia watakuwapo, tena wazito. Akasema basi nisiwe na wasiwasi, watu wake wanajua namna ya kuhudumia meza ya wazee. Nikaondoka nimeridhika, mjinga mimi.

Tulikuwa watano. Mama alivaa lile gauni la kijani analolitoa kwa misiba na harusi peke yake. Mzee wa Mizani alikuja na dada yake, ambaye Mwalimu anamwita Shangazi, mama mcheshi mwenye mkoba mkubwa, ambaye ana ugonjwa wa sukari na daktari amemwamuru ale kwa wakati. Mwalimu alikaa mkabala nami, akikwepa kuniangalia ili asicheke. Wazee walikwenda kunawa mmoja mmoja kwenye sinki la kule pembeni, wakarudi, tukaagiza. Kuku, samaki, wali, viazi, mboga, hakuna cha ajabu. Kijana mhudumu, mrefu, mwenye mikono ya shati iliyokunjwa vizuri, aliandika yote bila kukosea, akasema chakula kinakuja sasa hivi.

Hilo sasa hivi, Kaka, ndilo nililompa kuwa jina. Bwana Sasa Hivi.

Mwanzoni hatukuona kitu. Tuliulizana hali, tukasifu hali ya hewa, tukalaumu bei ya kila kitu kama ilivyo ada. Kisha maneno yakapungua kama maji ya bomba siku ya mgao. Bwana Sasa Hivi alikuja na jagi, akatujazia glasi. Tukanywa. Akaja tena, akajaza tena. Tulimwagiliwa pale kama miche ya kitaluni. Kijana mmoja na mchumba wake walioingia nyuma yetu waliletewa chakula, wakala, wakagombana, wakapatana, wakaondoka wameshikana mikono, na sisi hatujaona hata kijiko cha chumvi.

Na harufu, Kaka! Harufu ya kuku ilikuwa inatoka jikoni inapita juu ya meza yetu bila hata kusalimia. Nilimwita kijana nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa adabu kubwa kwamba chakula kiko tayari. Nikamuuliza, kama kiko tayari mbona hakipo? Akasema sasa hivi. Kisha akafanya jambo lililonitia wazimu: alimtazama Mzee wa Mizani, akamtazama Mama, akageuka akaangalia ngazi, akaenda zake. Alifanya hivyo kila alipokuja. Mzee, Mama, ngazi, halafu huyoo. Nikajiambia huyu anamngoja mpenzi wake apande, na sisi tumekuwa kisingizio cha yeye kusimama pale.

Wazee walikuwa wakingoja kila mtu kwa namna yake. Mzee wa Mizani alikuwa akiupanga uma na kisu chake vilingane ncha kwa ncha, akimaliza anavivuruga kidogo na kuanza upya. Mama akaanza kusimulia habari za uzazi mgumu aliowahi kuusimamia enzi za ukunga wake, hadithi ambayo wewe na mimi tunaijua na ambayo haifai kabisa kwa watu wanaongoja kula. Shangazi alikuwa amejificha nyuma ya menyu, na nilipoinama kuokota kitambaa nikaona kumbe anatafuna biskuti kutoka kwenye mkoba. Sikumlaumu. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na lake lina cheti cha daktari.

Kila nikitaka kunyanyuka Mwalimu alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza. Aliniambia kwa macho nitulie, penye wazee haliharibiki neno. Nikatulia. Lakini utulivu wangu unaujua, ni kama kifuniko cha birika, kinakaa juu huku kinatikisika.

Mwisho nilisingizia kwenda kunawa, nikachungulia kwenye lile dirisha la kupitishia sahani. Nilichokiona sikukiamini. Sufuria zetu zote zimepangwa juu ya meza, zimefunikwa, mvuke unatoka pembeni. Sahani zimepangwa tayari. Na mpishi amekaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, anajipepea kwa gazeti! Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja neno. Neno la nani? La mhudumu. Nikamfuata mhudumu, nikamuuliza neno liko wapi. Akasema, akitazama viatu vyake, kwamba neno linatoka mezani kwetu. Nikamwambia kwamba pale mezani tumeishiwa maneno yote tuliyokuwa nayo. Akafungua mdomo kama anayetaka kunieleza jambo, akaona Mama anamtazama kutoka kule, akaufunga.

Kaka, hapo kifuniko kikaruka. Nilimkemea yule kijana katikati ya ukumbi, mbele ya mkwe wangu mtarajiwa, mbele ya Mama, mbele ya watu waliokuja kula zao Jumapili kwa amani. Nilimuuliza kama hao kuku wanangoja nao waposwe. Nilimwambia kama kazi imemshinda avue shati aturudishie muda wetu. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu karatasi hii huenda ikasomwa na watoto wako. Kijana alisimama ameweka mikono nyuma, uso umemshuka, akanywa kila nilichommiminia. Watu waliacha kutafuna. Mwalimu alikuwa anaangalia kitambaa cha meza kana kwamba kimeandikwa kitu. Na Mzee wa Mizani akauweka uma chini, taratibu, na safari hii hakuupanga. Nikajua nimejimaliza mwenyewe.

Ndipo mwenye mkahawa akatoka jikoni anajifuta mikono, akauliza kuna nini. Nilimweleza kwa sauti iliyobaki. Akanisikiliza, akasema kumbe sijui taratibu za pale. Akaeleza kwamba wakija watu wa kawaida hupakuliwa kadiri chakula kinavyoiva, lakini wakija wazee wa pande mbili haupakuliwi hata wali mpaka mkubwa wa meza aseme leteni. Hapo sahani zote hutoka kwa pamoja na kuwekwa kwa pamoja. Alisema zamani hawakuwa hivyo. Siku moja sahani iliwekwa mbele ya mzee wa upande mmoja kabla ya mwenzake, yule mwenzake akaona amedharauliwa, wakaondoka chakula kikibaki na harusi ikafia pale pale mezani. Tangu hapo akaweka sheria. Na ili watu wasianze kushindana ukubwa mbele za watu, mhudumu hufundishwa kuwauliza wazee kimya kimya wanapokwenda kunawa mikono.

Akamgeukia kijana wake, akamuuliza kama aliuliza. Kijana akasema aliuliza. Kwa shida, maana alikuwa hataki kuwasemea wazee, akatoa yote. Mzee wa Mizani alimwambia kwamba yeye ni mgeni tu pale, hawezi kuamrisha chakula cha watu, mkubwa wa meza ni yule mama, akamuulize. Alipomuuliza Mama, Mama akasema yeye ni mwanamke aliyemsindikiza mtoto wake, hana ukubwa wowote. Mkubwa ni mwanawe wa kwanza, naye yuko njiani anakuja. Akamwagiza kwamba akimwona mtu mzima mwenye kipara kidogo anapanda zile ngazi, wapakue.

Kumbe ndiyo maana alikuwa anaangalia ngazi. Alikuwa anakungoja wewe, Kaka. Sufuria zote zile, mpishi juu ya kreti, sukari ya Shangazi, neno la Mzee, vyote vilikuwa vinakungoja wewe.

Naapa sikujua. Mama alikuwa amenificha. Asubuhi ile alikupigia, nawe ukamwambia uko njiani, tutangulie tu, utatukuta. Akaamua asiniambie ili uniibukie nifurahi. Njia gani hiyo, Kaka? Mimi nilijua huji. Siku hizi wewe ukisema unakuja huwa nageuka upande wa pili nalala. Lakini Mama bado anatega sikio.

Mwenye mkahawa akasema haya, yaliyopita yamepita, sasa aambiwe mkubwa wa meza ni nani ili watu wale. Ungeona meza yetu! Mzee wa Mizani akamtazama Mama. Mama akatazama ngazi. Shangazi akatazama mkoba wake. Mwalimu akanitazama mimi, nami kwa mazoea nikawa namtazama Mama anisemee. Tulikuwa watu watano wenye njaa, chakula kiko hatua chache, na kila mmoja anamrushia mwenzake mpira. Nikaona hivi ndivyo tunavyoishi. Paa la uani linavuja, limewekewa beseni, kwa sababu ulisema tusinunue mabati mpaka uje uchague mwenyewe. Shamba la Baba limeota magugu kwa sababu ulisema asilime mtu mpaka uje upime mipaka. Tumekuwa familia iliyokaa mkahawani, Kaka, imeshaagiza, na inakunywa maji.

Basi nikasimama. Nikasema mkubwa wa meza hii ni mimi, leteni chakula.

Sauti yangu ilitetemeka kama ya mtoto anayesoma risala, nakiri, lakini nilisema. Na hili ndilo hasa nililotaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Nimejiita mkubwa wa familia nawe ungali hai. Sikuwa mlevi, sikuwa nimechanganyikiwa, na sitakudanganya kwamba ni njaa ndiyo iliyosema. Nilisema na nilikuwa na maana hiyo hiyo.

Mzee wa Mizani aliinua mkono kabla kijana hajaondoka. Akaniambia kwamba mkubwa wa meza kwanza husafisha meza yake, na meza yangu nimeichafua mwenyewe. Nikaelewa. Nikamwomba radhi yule kijana, mbele ya wote wale niliomkemea mbele yao, na nikamwambia kwamba alistahimili matusi yangu ili asiwaaibishe wazee wangu, jambo ambalo mimi mtoto wao sikuweza. Kijana akasema hakuna neno. Kisha akasema chakula kinakuja sasa hivi, na Shangazi akaangua kicheko mpaka biskuti ikampalia.

Sahani zikaja zote kwa pamoja kama walivyoahidi. Wali ulikuwa umelainika kupita kiasi, kuku amekauka, viazi vimekuwa vigumu. Hatukuacha hata punje. Ilisikika feni na meno tu.

Mzee alipomaliza alijifuta mdomo, akakunja kitambaa. Akasema alikuja pale akiwa na hapana yake tayari. Si kwamba aliniona na kosa lolote. Ila kila alipobisha kwenye nyumba yetu aliambiwa mwenyewe hayupo, na alikuwa akijiuliza, siku binti yake akipata shida ndani ya nyumba hiyo, akibisha yeye ataambiwa nini? Akasema leo mezani amewaona watu wazima wakinyoosheana vidole, na kidole cha kwanza kilikuwa chake mwenyewe, na ameona aibu, maana alikuja kupima watu huku mzani wake una kasoro. Kisha akasema amepata mtu wa kuzungumza naye. Na akasema ndiyo.

Nililia, Kaka. Wacha nikuambie tu, maana Mwalimu atakuambia. Nililia machozi yakadondokea mifupa ya kuku.

Ningeishia hapa kama ingekuwa habari ya furaha tupu. Lakini kuna jambo lililofuata, ambalo Mama amenikataza nisikuandikie. Nakuandikia.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, kijana alirudi ameshika sahani moja iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ilikuwa yako. Mama alikuwa amekuagizia kimya kimya samaki, mkia, kama unavyopenda. Kijana akamuuliza Mama kama awafungie waende nayo, au aiweke jikoni ipate moto mpaka mwenyewe atakapofika. Mama aliziangalia zile ngazi, na nilidhani atasema iwekwe, kwa sababu miaka yote amesema iwekwe. Akasema mwanangu haji. Alisema kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia hospitalini, akitoka chumba cha uzazi kuwaambia watu waliokaa kwenye benchi habari wasiyoitaka. Ulikuwa mkubwa kuliko mimi tulipokuwa tunamfuata kule, kwa hiyo unaijua sauti hiyo. Kisha akamwambia yule kijana avute kiti, akae, aile yeye, kwa kuwa tangu asubuhi amesimama. Na kijana akaila pale, Mama akimwangalia mpaka akamaliza.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama amefungua kabati la Baba, ametandaza nguo zote kitandani, anazigawa. Koti kubwa ulilosema lisiguswe amempa mlinzi wa mtaa, ambaye hukesha nje bila hata shuka. Nilimwuliza kama ana hakika. Akaniambia nguo ni za kuvaliwa na watu walio na baridi leo. Sasa kabati lina nguo zake mwenyewe, na amesema hakuwa akijua kwamba lina nafasi yote hiyo.

Sikukuandikia ili kukuumiza. Au labda kidogo, sijui, hasira yangu haijaisha yote. Wahenga wana neno lao kuhusu asiyekuwapo, kwamba na lake halipo, na nimelifikiria sana wiki hii, nikaona ni neno kali mno kwa mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli na kunipigania kwa watoto wa mtaa wa pili. Sitaki likupate. Lakini siwezi tena kulizuia kwa kukaa na njaa.

Harusi itakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Mzee na mimi tumeelewana yote, Mama amebariki. Nisalimie shemeji, mwambie nimemkumbuka na ule ucheshi wake. Wabusu watoto, waambie wanaongezewa mama mdogo ambaye anajua nyimbo zote za wanyama. Shangazi anakusalimu pia ingawa hakujui, anasema ana hamu ya kumwona mtu ambaye kuku wanamngoja. Mama anakusalimu mara ya pili. Hajui ninaloandika, amekaa hapa karibu anatia kifungo kwenye gauni lile la kijani.

Nakupenda, Kaka, na nimechoka kukungoja, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Kama utakuja, njoo, tutakupokea kwa mikono miwili. Lakini nakuomba kitu kimoja tu kama mdogo anavyomwomba mkubwa wake: usimwambie tena Mama kwamba uko njiani mpaka miguu yako iwe njiani kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Miwani, mtoto wa mwisho wa mama yako